Damu chooni miezi mitano, bado ni bawasiri tu?

Dada_wa_Kibondo:
Wakuu, shikamooni. Kaka yangu ana miaka 46, analima mihogo na maharage huku Kibondo. Mwezi wa tano sasa anatoka damu chooni. Zahanati wamempa metro (metronidazole) mara mbili wakisema amiba, kisha dawa ya kupaka, eti bawasiri. Kupimwa kwa kidole njia ya haja kubwa, hakuna aliyempima. Juzi amevaa suruali ya Krismasi, kiunoni vidole vyangu vinne vimeingia.

Naogopa saratani ya utumbo, maana marehemu mama mdogo alianza hivihivi. Alifika Mwanza utumbo umeshaziba, akapasuliwa usiku kwa dharura. Binamu yetu wa Dar, anafanya kazi benki, aliona damu, wiki ya pili akapimwa utumbo kwa kamera. Wakakuta kinyama, wakakitoa, jioni akala kwake. Ugonjwa si uleule?

Bima yetu ya afya ya jamii, CHF, inaishia hospitali ya mkoa. Niende Maweni, hospitali ya mkoa Kigoma, kwanza au moja kwa moja Bugando, hospitali kubwa ya Mwanza? Kigoma mjini ni kusini-magharibi, Mwanza ni kaskazini-mashariki. Nirudi nyuma kutafuta karatasi ya rufaa?

Nesi_Mstaafu:
Marahaba mwanangu, pole. Rudi nyuma, ukipate hicho kikaratasi. Bila rufaa, Mwanza mtaanza upya. Daktari mwambie wazi: damu miezi mitano, amekonda, na kama choo kimebadilika. Dai kidole na kipimo cha wingi wa damu. Mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani pamoja, hapo ndipo wengi hupotelea.

Jambo moja husahaulika: kabla ya kamera mgonjwa hunywa dawa ya kusafisha tumbo, anaharisha usiku kucha. Hainyweki ndani ya basi. Tafuteni chumba chenye choo ndani.

Mkimbizi_Leicester:
Dada, pole. Huku Uingereza ukifika miaka 50 kipimo cha choo cha kutafuta dalili za saratani ya utumbo kinakuja kwa posta, bure, kila miaka 2 hadi 74. Hata hivyo mitaa ya maskini wanaorudisha ni wachache kuliko ya wenye nazo, na wengi zaidi hugundulika wakiwa wamekimbizwa dharura. Jirani yangu mzee alikiweka kabatini kwa kuwa maelezo hakuyaelewa; nilikaa naye jikoni nikamsomea. Nauli ya Mwanza nitachangia, angalia inboksi.

Dada_wa_Kibondo:
Ahsanteni sana. Maweni daktari ametia kidole, amegusa uvimbe. Rufaa ameandika palepale. Nimeuza mbuzi wawili, Jumatatu alfajiri tunapanda basi. Chumba chenye choo ndani kimepatikana, karibu na hospitali.