Kontrakta anamwaga udongo mtoni Njiru, mikoko ya Sabaki ndiyo inazikwa

Wakuu, leo sitapima maneno.

Wiki ya tatu sasa malori yanakuja usiku huku Njiru, yanapiga rivasi mpaka ukingoni mwa Mto Nairobi na kumwaga udongo mwekundu uliochimbwa kwenye msingi wa flati. Juzi nilitoka na tochi, nikamuuliza dereva mbona hapa. Akanijibu huku akitafuna miraa: "Buda, tulia. Mvua itabeba."

Itabeba ipeleke wapi? Mto huu unaingia Athi, Athi mbele huko inaitwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, na Sabaki inamwagika baharini kaskazini tu mwa Malindi. Mimi ni mzaliwa wa huko. Mjomba wangu huchokoa kaa mikokoni, na mvua ya bara huijua kwa rangi ya maji. Hunipigia: "Mjomba, huko juu kumenyesha, eeh?" Bahari imeshakuwa chai ya maziwa.

Kwa wasiowahi kufika: mchu, mmoja wa miti ya mikokoni, hupumulia mizizi inayochomoza matopeni kama penseli zilizosimamishwa. Mkoko wenyewe una vitundu vya hewa kwenye ile mizizi yake iliyosimama kama miguu. Ukiifukia mizizi hiyo, umeuziba mti pua. Haufi siku hiyo. Majani hugeuka manjano, yanapukutika, mwishowe unabaki ukuni umesimama. Mwache, kule Mombasa, mto mwingine kabisa, mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998 yalishusha tope likaua mikoko vivyo hivyo.

Najua mjuaji atakuja: "Lakini mikoko hupenda matope." Ndiyo, bwana, na pale Sabaki tope limeota hata mikoko mipya. Tope la kidogo kidogo, mti ukipata nafasi ya kulifuata! Wala sisemi ni malori haya peke yake. Mashamba yanayolimwa hadi kingo za mto yana dhambi kubwa zaidi. Ila shamba halina namba ya usajili. Lori linayo, na nimeipiga picha.

Picha nimezipeleka ofisi moja, pamoja na barua. Karani akazitazama, akaniuliza, "Sasa huu udongo uko kwako?"

Saa hii nasikia rivasi inalia tena. Mwenye namba ya afisa anayeshika simu usiku aiweke hapa, mimi nivae gambuti.