Naomba ushauri: kubandua kromu na kupaka rangi bampa za Beetle

Wakuu, habari zenu. Nina Volkswagen Beetle ya 1968, gari ninalolipenda kwa dhati. Kromu ya bampa, yaani utando wa metali unaong'aa juu ya chuma, imeanza kubabuka na kutu inachungulia, hasa kwenye kona na kuzunguka matundu ya bolti. Nimeamua kuzipaka rangi nyeusi badala ya kuzichovya kromu upya.

Jaribio la kwanza nililiharakisha. Nilisugua juu juu kwa msasa laini, nikapuliza praima ya kopo (rangi ya msingi), kisha rangi. Baada ya wiki chache ikabanduka kama ganda la kitunguu. Iliniuma sana. Kromu ni nyororo mno, rangi haina pa kushika.

Sasa nafikiria msasa namba 180 mpaka mng'ao wote uishe, kisha 320 iliyo laini zaidi, halafu praima ya epoksi, ile ya kuchanganya sehemu mbili. Njia nyingine ni kuondoa kromu kwa tindikali ya haidrokloriki, lakini mvuke wake unanitisha. Isitoshe, kromu ikitoka, chini yake bado kuna tabaka la metali nyingine, nikeli. Vitasa vya milango ndiyo kabisa: sumaku haivikamati, nadhani ni aloi ya zinki, na tindikali hula zinki.

Je, nikiiacha nikeli, epoksi itashika bila shida? Na penye kutu, nipige mchanga (kuurusha kwa hewa yenye mgandamizo) sehemu hizo tu au bampa nzima? Aliyewahi kuifanya kazi hii na rangi ikadumu, tafadhali anieleze alivyoanza mpaka alivyomaliza. Barakoa ya vumbi ninayo tayari.