Naomba ushauri: nimealikwa kujaribu programu mpya ya ujumbe wa papo hapo kabla haijatolewa kwa umma

Katibu_Nuru:

Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie kufikiri kabla sijajibu mwaliko ambao muda wake unakaribia kwisha. Mimi ni katibu wa kikundi cha wahariri wa kujitolea, na mazungumzo yetu yote, pamoja na rasimu za kazi, hupita katika programu ya ujumbe tuliyoizoea sote. Sasa nimealikwa kuingia katika majaribio ya beta ya programu mpya ambayo watengenezaji wake wanasema inaweza kutafuta neno katika mazungumzo ya zamani hata pasipo intaneti, na kugawa kikundi kimoja katika mada mbalimbali. Hayo mawili ndiyo tunayoyahitaji, kwa kuwa kila mara kuna mtu anayeuliza tuliafikiana nini kuhusu sura fulani, na jibu limekwisha kuzama chini ya mamia ya jumbe.

Nafasi ni chache, ila barua inaniruhusu kuwaleta wenzangu. Kinachonisitisha ni masharti: programu inataka kusoma orodha yote ya majina yaliyomo kwenye simu, taarifa za hitilafu zitatumwa kwa watengenezaji, na jumbe "zinaweza kufutwa wakati wowote katika kipindi cha majaribio". Je, niiweke kwenye simu yangu ya kila siku? Je, ni haki kuwahamisha wenzangu huko? Na majaribio yakifungwa, mazungumzo yetu yatakwenda wapi?

Fundi_Msimbo:

Ndugu Katibu, kwanza tazama mwaliko umekuja kwa njia gani, maana njia yenyewe inakueleza mengi. Kwenye iPhone majaribio ya kweli hupita kwenye TestFlight, yaani programu ya Apple ya kujaribia matoleo ambayo hayajatolewa kwa umma, ambako mtengenezaji anaweza kualika watu wa nje wasiozidi 10,000, na kila toleo analopandisha hufikia ukomo baada ya siku 90. Siku hizo zikipita bila yeye kutoa toleo jingine, programu haifunguki, hata kama jumbe zako zote zimo ndani yake. Kwenye Android kuna majaribio yaliyofungwa ya Google Play, ambako barua pepe yako huingizwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, na maoni unayoyaandika hupelekwa kwa mtengenezaji peke yake bila kuonekana hadharani wala kuathiri nyota za programu.

Ikiwa kiungo ulichopewa kinakutaka upakue faili kutoka tovuti usiyoifahamu na kuzima kinga ya simu ili isakinishwe, acha. Ikiwa kuna mtu anayekuomba tarakimu za uthibitisho zilizotumwa kwenye simu yako "ili akuingize kwenye majaribio", huyo anaitafuta akaunti yako, na majaribio ni kisingizio tu. Uhaba wa nafasi ni jambo la kawaida katika kazi hii, lakini walaghai nao wanaujua vizuri, kwa sababu mtu anayeharakishwa hasomi.

Mjaribu_Makini:

Mimi nitasema jambo ambalo huenda wengine hawatalipenda. Watu wengi huchukua nafasi kisha wakaiweka programu kwenye simu ya zamani isiyo na laini wala majina, wakatuma "habari" mara moja na kuisahau. Nafasi hiyo imepotea, na mwingine ambaye angeitumia amenyimwa. Programu ya ujumbe haiwezi kujaribiwa na mtu mmoja aliyekaa peke yake. Hitilafu zake hujitokeza pale watu kadhaa wanapoandika kwa wakati mmoja, mmoja wao mtandao wake unakatika, mwingine amebadilisha saa ya simu, wa tatu anatumia kompyuta na simu kwa pamoja. Hapo ndipo utakapoona jibu limetangulia swali, au picha ile ile imefika mara mbili, au arifa imechelewa mpaka simu ilipofunguliwa kwa kuwa mfumo wa kuokoa betri ulikuwa umeilaza programu. Mtengenezaji hawezi kuyaona hayo ofisini kwake hata awe hodari namna gani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba ukubali, na uingie pamoja na watu wachache ambao kwa kweli mtazungumza. Kama huna nia hiyo, waachie wengine nafasi.

Salama_Faragha:

Nakubaliana na Mjaribu kuhusu matumizi ya kweli, lakini nadhani ameliruka swali zito zaidi aliloliuliza Katibu, nalo ni swali la wenzake. Unapokubali masharti ya majaribio, unajikubalia wewe mwenyewe. Humkubalii mtu ambaye namba yake imo kwenye simu yako, wala mhariri ambaye atakutumia rasimu bila kujua kwamba imepita katika programu isiyokamilika.

Tuanze na orodha ya majina. Programu za ujumbe huisoma ili zikuonyeshe ni nani kati ya watu wako tayari anazitumia, na ipo tofauti kubwa baina ya ile inayolinganisha namba kwa njia isiyozihifadhi kwenye seva, yaani kompyuta za watengenezaji, na ile inayozipakia zote na kubaki nazo. Sera ya faragha ndiyo inayopaswa kukueleza hilo. Isipolieleza, kataa ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya simu na uongeze watu kwa mkono. Ikiwa programu haikubali kufanya kazi bila orodha, hilo lenyewe ni jambo la kuwaandikia watengenezaji kama maoni yako ya kwanza.

Kisha kuna jambo ambalo watu husahau. Hata kama programu ina usimbaji fiche kutoka mwisho hadi mwisho, yaani ujumbe hufungwa kwa siri usomeke na mtumaji na mpokeaji peke yao, usimbaji huo hulinda ujumbe unapokuwa njiani tu. Haukulindi dhidi ya kile unachokituma wewe mwenyewe kwa watengenezaji. Kwenye TestFlight, ukipiga picha ya skrini ukiwa ndani ya programu, unaweza kuituma papo hapo kama maoni, na picha hiyo hubeba majina, nyuso na maneno ya kila aliyeonekana kwenye kioo wakati huo. Kata sehemu zisizohusika au ziba majina kabla hujabonyeza kutuma. Kumbukumbu za hitilafu nazo hustahili kuulizwa: je, zina maandishi ya jumbe, au zina mpangilio wa matukio tu? Mtengenezaji mwangalifu atakujibu bila kuzungukazunguka.

Katibu_Nuru:

Nawashukuru sana. Dada Salama, umenifungua macho kuhusu picha za skrini, kwa maana nilikuwa nimekwisha kupanga kutuma nyingi. Nimehakikisha kwamba mwaliko umepitia duka rasmi la programu. Ninachoelekea kufikiri sasa ni kuwaomba watu wanne au watano wanaopenda wenyewe, tuanzishe huko chumba kimoja cha kujadili mambo mepesi ya ratiba, huku rasimu na majina ya waandishi yakibaki tulipo. Lakini swali la kutoka bado linanisumbua. Tukishaandika mengi huko, tutayatoaje? Na je, nikisharipoti hitilafu, ninapaswa kueleza kwa undani kiasi gani? Sina ujuzi wa kiufundi, nami sitaki kuwapotezea muda.

Mjaribu_Makini:

Mpango wako ni mzuri, na kutokuwa na ujuzi wa kiufundi hakukupunguzii kitu. Ripoti inayosema "ujumbe haufiki" haina msaada, kwa sababu mtengenezaji hajui aanzie wapi. Linganisha na hii: "Simu ya Android, toleo la programu kama linavyoonekana kwenye mipangilio. Nilizima data, nikaandika ujumbe katika kikundi, nikaufunga ukurasa, kisha nikawasha data. Nilitarajia ujumbe utoke wenyewe. Badala yake ulionyesha tiki moja, na baada ya kufungua upya ukurasa ukawa umetumwa mara mbili, saa nne na dakika kumi asubuhi. Nimerudia hatua hizo na matokeo ni yale yale." Mtu anayeisoma anaweza kuurudia mkasa wako kwenye simu yake, na saa uliyoitaja inamwezesha kulitafuta tukio lenyewe kwenye seva. Taja ulichokifanya, ulichokitarajia na kilichotokea. Usikisie chanzo, maana makisio humpeleka mbali na tatizo. Na hitilafu mbili ziandikie ripoti mbili.

Jambo jingine: mambo yasiyo hitilafu nayo yaandike. Wewe unataka kutafuta mazungumzo ya zamani, basi tafuta neno ambalo unajua liliandikwa, kisha useme kama ulilipata upesi, kama matokeo yalipangwa kwa namna inayoeleweka, na kama neno lenye kiambishi lilipatikana ulipoandika shina lake. Lugha yetu hujenga maneno kwa kuyaongezea viambishi mbele, na mashine nyingi za kutafuta huangalia mwanzo wa neno. Mtu akiandika "hariri" asipate "tumehariri", hilo watengenezaji hawatalijua mpaka msemaji wa lugha awaambie, nanyi ni wahariri.

Fundi_Msimbo:

Kuhusu kutoka, Katibu, waulize watengenezaji sasa hivi kabla hujakubali: je, kuna njia ya kuhamisha mazungumzo kwenda kwenye faili linalosomeka nje ya programu yao? Jibu likiwa hapana, andikeni huko yale tu ambayo mko tayari kuyapoteza. Fahamu pia kwamba kurudi nyuma kutoka toleo la beta kwenda toleo la kawaida ni kugumu kuliko kusonga mbele. Toleo jipya likishabadilisha muundo wa hifadhidata iliyomo kwenye simu, toleo la zamani mara nyingi haliwezi kuisoma, na kwenye Android kwa kawaida hulazimika kuiondoa programu na kuisakinisha upya. Ukiiondoa, jumbe zilizokuwa kwenye simu pekee huondoka nayo, isipokuwa kama uliweka nakala rudufu na unayo nywila yake.

Katika programu zenye usimbaji fiche, usakinishaji upya huo pia mara nyingi huzalisha funguo mpya za siri za kufungia na kufungulia jumbe zako, hivyo wenzako wanaweza kuonyeshwa tahadhari kwamba alama zako za usalama, zinazothibitisha kuwa ni wewe, zimebadilika. Waambie mapema. Msipofanya hivyo watazoea kuipuuza tahadhari hiyo, nayo ndiyo ingewaonya siku mtu mwingine akijifanya wewe.

Uliuliza pia kuhusu simu ya kila siku. Kwa kuwa hii ni programu mpya kabisa, haitaigusa ile mnayoitumia sasa, kwa hiyo unaweza kuziweka zote mbili kwenye simu moja. Ingekuwa ni beta ya programu ile ile mnayoitegemea, ningekuambia vinginevyo, kwa sababu hapo toleo la majaribio huchukua nafasi ya lile imara na kuirithi hifadhi yake yote.

Katibu_Nuru:

Nimewaandikia watengenezaji maswali matatu: orodha ya majina inahifadhiwa wapi, kumbukumbu za hitilafu zina maandishi ya jumbe au hazina, na kama mazungumzo yanaweza kuhamishwa kwenda kwenye faili. Wenzangu nimewatumia masharti yote jinsi yalivyo, nikawaeleza kwamba anayekataa hatakosa taarifa yoyote ya kikundi, kwa kuwa kila tutakalokubaliana kwenye chumba cha majaribio nitalinakili kwenye kikundi chetu cha kawaida siku hiyo hiyo. Watu wanne wamekubali. Majibu ya watengenezaji yakija kabla ya mwaliko kwisha, na yakiwa wazi, tutaingia. Yasipokuja, nafasi hii nitaiacha.

Salama_Faragha:

Ukipata majibu, tafadhali yaweke hapa kama masharti yanakuruhusu. Baadhi ya majaribio yaliyofungwa huambatana na makubaliano ya usiri yanayokukataza kusimulia yaliyomo, kwa hiyo kisome kipengele hicho kwanza kabla hujatuandikia chochote.