Mrejesho: Blood Rage na Nightmare at Shadow Woods

Wakuu, niliuliza kwa nini nakala za Blood Rage na Nightmare at Shadow Woods hazifanani. Jibu: ni filamu moja ya kutisha yenye mikato miwili, yaani imehaririwa kwa namna mbili.

Ilipigwa Jacksonville, Florida, mwaka 1983, ikakaa kabatini hadi 1987. Majumba ya sinema yalipata Nightmare at Shadow Woods, damu nyingi ikiwa imekatwa. Kanda ya video ikatoka kama Blood Rage, damu imo. Kinachouma ni kwamba hakuna iliyokamilika: ya sinema ina tukio la bwawa la kuogelea lakini haina lile la Maddy kumtembelea mwanawe Todd hospitalini, kanda ni kinyume chake. Arrow Video, kampuni inayotoa filamu kwenye diski, walitoa mikato yote miwili kwenye Blu-ray mwaka 2015, pamoja na mkato wa tatu uliounganishwa.

Kwa hiyo kujua mna mkato upi, tafuteni bwawa na hospitali, msitegemee urefu wa filamu. Filamu ya picha 24 kwa sekunde ikichezwa kwa 25 za PAL (mfumo wa televisheni uliotumika Ulaya na kwingineko), dakika 90 zinashuka hadi kama 86, na hakuna kilichokatwa. Jina linaloonekana mwanzoni mwa filamu nalo linapotosha: nakala yenye damu waliyoitumia Arrow imeandikwa Slasher.

Asanteni sana mliojibu.