Vibanda vya gemu vifungwe vyote? Mimi napinga

Wadau wa Arusha, na majirani zetu wa Moshi pia, karibuni tujadili.

Kikao cha mtaa wetu kimeleta hoja kwamba vibanda vya gemu vifungwe vyote, maana watoto wanatoroka shule na kuiba hela nyumbani ili wakashike pedi. Wazazi wengi walipiga makofi. Mimi napinga.

Kwanza, tusichanganye gemu na dubwi. Kibandani mtoto analipia mechi, anacheza mpira wa kwenye skrini na mwenzake, akifungwa anampisha anayefuata. Kwenye dubwi anatumbukiza sarafu akitegemea zirudi nyingi. Hiyo ni kamari, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kisheria kuicheza. Tena mashine hizo zipo hata kwenye duka tunalomtuma sukari, na kikao kizima hakuna aliyezitaja! Kabla ya kulaumu pedi, fuatilieni hela iliyoibwa imeishia wapi.

Utoro upo, hilo sibishi. Mtoto mwenye sare kukaa kibandani saa nne asubuhi inaudhi, na anayempokea apigwe faini. Lakini saa hiyo hiyo watu wazima wenye familia wanacheza drafti kijiweni, na hatujawahi kuwaitishia kikao.

Kuna mama alikumbusha kwamba Shirika la Afya Duniani linatambua uraibu wa gemu kuwa ugonjwa. Ni kweli, uliingizwa rasmi mwaka 2019. Ila tusome na vigezo vyake: mtu ashindwe kujizuia, gemu itangulie mambo mengine yote, aendelee ingawa inamharibia maisha, na kwa kawaida hali hiyo idumu angalau miezi 12. Kijana anayecheza mechi mbili akitoka shule hayumo humo.

Kufunga nako kumeshajaribiwa. Korea Kusini mwaka 2011 iliwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mwaka 2021 serikali yenyewe ikaamua kuifuta sheria hiyo, kwa kuwa watoto walishahamia kwenye gemu za simu, ambazo haikuzigusa. Huku kwetu itakuwaje? Kibandani kuna macho ya watu. Chumbani, na simu ya mama chini ya shuka, nani anamwona?

Na gemu si upotevu tu, jamani. Mwaka 1969 Ken Thompson wa Maabara ya Bell, Marekani, alitaka gemu yake ya safari za angani ichezeke kwenye kompyuta ndogo ya PDP-7. Kazi aliyoifanya kwenye mashine hiyo ndiyo iliyozaa Unix, yaani mfumo wa kuendeshea kompyuta. Mfumo mwingine, Linux ya mwaka 1991, ulifuata nyayo zake, na Android iliyo kwenye simu nyingi tulizoshika imejengwa juu ya Linux. Mtoto wa Ngarenaro au Pasua anayeuliza gemu imetengenezwaje ameshaanza kuisogelea kompyuta. Tumtafutie wa kumjibu, tusimfukuze.

Wenye vibanda, mko tayari kukataa sare na kuwafungulia wanafunzi kuanzia saa kumi jioni tu? Na nyie mnaotaka vifungwe, nijibuni kuhusu simu na madubwi.