Tupeane uzoefu: ukaguzi wa viraka na mipangilio ya kerneli kwenye seva nyingi

Mwanzisha mada

Wakuu, heshima kwenu. Naomba uzi huu uwe wa wasimamizi wa mifumo wanaotunza seva za Linux kwa makumi na mamia, ambao kila kasoro kubwa ya usalama inapotangazwa huulizwa swali lile lile: je, seva zote zimeshawekwa kiraka, yaani rekebisho la kasoro hiyo? Naamini kwa dhati kwamba swali hilo halijibiwi kwa ripoti ya vifurushi peke yake, kwa sababu ripoti hiyo husoma kilichosakinishwa kwenye diski, ilhali mshambuliaji hukutana na kile kinachoendeshwa ndani ya kumbukumbu wakati huo. Naomba basi simulizi za kazi: mlikagua nini, kwa amri gani, na mkakuta nini ambacho ripoti haikukionyesha.

Naanza mwenyewe. Katika kundi la seva nililokabidhiwa, ripoti ilionyesha kwamba zote zina kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo wa Linux. Niliagiza kila seva ijibu uname -r, amri inayotaja kerneli inayoendeshwa, kisha nikalinganisha majibu na toleo jipya zaidi lililokuwamo ndani ya /boot. Sehemu kubwa ya seva hizo zilikuwa bado zinaendesha kerneli ya zamani. Sababu yake inaeleweka: kerneli hupakiwa mashine inapowashwa, na kazi ya meneja wa vifurushi huishia kuweka faili mpya mahali pake, kwa hiyo seva isiyowashwa upya huendelea na kerneli ile iliyoanza nayo hata kama orodha ya vifurushi inasema vingine. Mfano mzuri ni Dirty COW, kasoro ya kerneli yenye namba ya utambulisho CVE-2016-5195, iliyotangazwa Oktoba 2016 huku kasoro yenyewe ikiwa imekuwemo tangu kerneli 2.6.22 ya mwaka 2007. Seva iliyokuwa na kiraka cha Dirty COW kwenye diski bila kuwashwa upya ilikuwa wazi sawasawa na ile ambayo haikuguswa kabisa.

Zilikuwepo pia seva chache zilizonishangaza zaidi, kwa kuwa ziliwashwa upya vizuri zikarudi na kerneli ile ile ya zamani. Huko tulikuta GRUB, programu inayochagua kerneli ya kuwasha, imefungwa kwenye chaguo moja mahususi, pengine kwa sababu ya moduli fulani ya kerneli iliyokuwa haijajengwa kwa toleo jipya, na kifungo hicho kikabaki baada ya sababu yake kuisha. Tangu hapo ripoti yetu ina safu tatu badala ya moja: kerneli iliyosakinishwa, kerneli inayoendeshwa, na tarehe mashine ilipowashwa mara ya mwisho. Kwenye mifumo ya jamii ya Red Hat tunaongeza jibu la needs-restarting -r, na kwenye Ubuntu tunaangalia kama faili ya /var/run/reboot-required ipo.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante kwa mada, mkuu. Ulichosema kuhusu kerneli kinahusu maktaba za programu pia, na mimi nilikiona kwa OpenSSL, maktaba ya usimbaji wa mawasiliano. Heartbleed, kasoro ya OpenSSL, ilipotangazwa Aprili 2014, seva zetu za wavuti zilisasishwa haraka, lakini tulipoendesha lsof, amri inayoorodhesha faili zilizofunguliwa, na kutafuta maktaba zilizokwisha kufutwa kwenye diski huku zikiendelea kutumiwa, tulikuta michakato mingi bado imeshika libssl ya zamani, ambayo ni sehemu ya OpenSSL. Mchakato ukishaipakia maktaba huendelea nayo mpaka uanzishwe upya, na faili iliyofutwa hubaki hai kwa ajili yake. Seva ya wavuti yenyewe ilikuwa imeanzishwa upya. Waliosahaulika walikuwa ni wale wa pembeni, kama vile seva ya barua pepe na programu za ufuatiliaji, ambazo nazo zilikuwa zikitumia TLS, itifaki ya usimbaji inayotolewa na maktaba hiyo. Siku hizi, kwenye mashine za Debian, tunatumia needrestart, nayo hutaja kila huduma inayohitaji kuanzishwa upya baada ya usasishaji.

Kisa kingine cha wakati ule ule kilikuwa kinyume chake. Wakaguzi wa nje walileta ripoti iliyosema seva zetu zina udhaifu wa Heartbleed kwa sababu zinaonyesha OpenSSL 1.0.1e, ilhali mradi wenyewe ulikuwa umerekebisha kasoro hiyo kwenye 1.0.1g. Kwa namba hiyo tupu walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini Red Hat, kama ilivyo kwa wasambazaji wengi wa mifumo ya muda mrefu, huchukua rekebisho la usalama na kulirudisha ndani ya toleo la zamani bila kubadilisha namba kuu, hivyo 1.0.1e ya kwenye Red Hat Enterprise Linux 6 ilikuwa na matoleo ya kifurushi yaliyorekebishwa na mengine yasiyorekebishwa. Jibu tulilipata kwa rpm -q --changelog openssl na kutafuta CVE-2014-0160 ndani yake, tukakusanya mistari hiyo kutoka kila seva na kuiambatanisha na majibu yetu. Ushahidi wa namna hiyo ulimaliza mjadala ambao ungeweza kuzunguka kwa wiki nyingi.

Mchangiaji wa pili

Mimi nitazungumzia mipangilio ya kerneli, kwa kuwa naona viraka vina watetezi wengi ilhali mipangilio husahaulika.

Tulikuwa na seva za lango zilizobeba miunganisho mingi, na tulikuwa tumepandisha net.netfilter.nf_conntrack_max, kikomo cha miunganisho inayofuatiliwa na kerneli, kupitia faili ndani ya /etc/sysctl.d, saraka ya vigezo vya kerneli. Faili ilikuwa sahihi, ukaguzi wa faili ulipita kila mara, na bado baada ya seva kuwashwa upya kumbukumbu za kerneli zilijaa ujumbe kwamba jedwali la nf_conntrack limejaa na pakiti zinatupwa. Tulipolinganisha faili na thamani hai iliyomo ndani ya /proc/sys, tukaona kwamba thamani hai ilikuwa ile ya kiwandani. Kigezo hicho hakipo kabisa mpaka moduli ya nf_conntrack ipakiwe, na wakati wa kuwaka, systemd-sysctl, huduma inayoweka vigezo hivyo, ilikuwa inapita kabla ya kanuni za ngome ya mtandao kuiita moduli hiyo; kwa hiyo ilitafuta kigezo, haikukiona, ikaendelea na vingine. Mtu yeyote aliyeingia baadaye na kuendesha sysctl --system kwa mkono aliona kila kitu kimekaa sawa, na ndiyo maana tatizo lilidumu. Dawa yake ilikuwa kuitaja moduli ndani ya /etc/modules-load.d, kwa sababu upakiaji wa moduli zilizotajwa humo hutangulia systemd-sysctl.

Jambo jingine la kuangalia ni mpangilio wa majina ya faili. Faili za saraka za sysctl.d husomwa kwa mfuatano wa majina yake, bila kujali ziko /usr/lib, /run au /etc, na thamani inayosomwa mwisho ndiyo inayoshinda. Zenye jina moja, ile ya /etc huifunika ya /usr/lib. Tulikuta kifurushi cha programu moja ya biashara kimeweka faili yake yenye jina linaloanza na zz, ikawa inapindua vigezo vyetu vya kumbukumbu kila mashine ilipowaka. Ukiendesha sysctl --system hutaja kila faili inayosoma, na mfuatano huo unatosha kumtambua anayepindua.

Mchangiaji wa tatu

Nyongeza fupi kwa mwanzisha mada: safu ya uname -r haitoshi mahali panapotumika viraka vya moja kwa moja, kwa kuwa kiraka cha namna hiyo hurekebisha kerneli ikiwa inaendeshwa na namba ya toleo haibadiliki. Hapo inabidi kuisoma saraka ya /sys/kernel/livepatch. Pia, kwa wenye kontena, yaani mazingira yaliyotengwa yanayoshiriki kerneli ya mashine moja, uname -r inayoulizwa ndani ya kontena hurudisha kerneli ya mashine mwenyeji, hivyo kuzihesabu kontena kama seva katika ripoti ya kerneli huongeza idadi bila kuongeza habari.

Mchangiaji wa nne

Kisa changu kinahusu kigezo kilichorithiwa. Seva zetu zilikuwa na orodha ya vigezo vya mtandao iliyonakiliwa kutoka kizazi hadi kizazi, na ndani yake kulikuwa na net.ipv4.tcp_tw_recycle ikiwa imewashwa. Tulipoanza kuhamia kerneli mpya, ukaguzi ulianza kutoa hitilafu kwamba kigezo hicho hakipo, na pendekezo la kwanza mezani lilikuwa kuinyamazisha hitilafu hiyo ndani ya skripti. Niliomba tusiinyamazishe mpaka tujue kwa nini kigezo kimetoweka. Ikaonekana kwamba kiliondolewa kwenye Linux 4.12, mwaka 2017, kwa kuwa kilikuwa kinaharibu miunganisho ya wateja walio nyuma ya NAT, yaani wanaotoka mtandaoni kwa anwani moja ya pamoja: kerneli ilikuwa inakumbuka muhuri wa muda wa TCP kwa kila anwani, na watu wengi wanapotumia anwani moja, mihuri yao haiendi kwa mfuatano mmoja, basi baadhi ya maombi yao ya kuunganishwa hutupwa kimya kimya. Ghafla tukaelewa malalamiko ya muda mrefu ya ofisi kadhaa ambazo watumiaji wake walisema huduma inakubali kwa huyu na kumkatalia yule aliyekaa jirani naye. Seva zote za zamani zilizobaki zilizimiwa kigezo hicho, na malalamiko yakakoma.

Baada ya hapo tulipitia orodha nzima, kigezo kwa kigezo. Tulikuta net.core.somaxconn, kikomo cha foleni ya miunganisho inayosubiri kupokelewa, imewekwa 1024, thamani iliyokuwa nyongeza kubwa pale chaguo-msingi lilipokuwa 128. Lakini tangu kerneli 5.4 chaguo-msingi ni 4096, kwa hiyo mstari ule ule ulioandikwa kupanua foleni sasa ulikuwa unaibana. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba kila mstari wa mipangilio uandikiwe sababu na toleo la kerneli lililokusudiwa. Mstari usio na maelezo hauwezi kukaguliwa, unaweza kulinganishwa tu.

Mwanzisha mada

Mkuu, kisa cha somaxconn nimekiweka akilini, nami nitaipitia orodha yetu kwa jicho hilo. Naomba sasa tusikie jinsi mnavyolinganisha majibu yanapokuja kutoka mashine nyingi, hasa zile zisizojibu.

Mchangiaji wa tano

Kwetu kanuni ni kwamba seva isiyojibu huhesabiwa kuwa imeshindwa ukaguzi. Ansible, chombo cha kuendesha amri kwenye mashine nyingi, hutaja wazi mashine isizozifikia, lakini skripti za kuzunguka kwa ssh mara nyingi huandika majibu yaliyopatikana tu, na mtu anayesoma matokeo huona orodha safi bila kujua nani hayumo. Tunaanza na orodha ya mali, tunaambatanisha majibu, na kila jina lisilo na jibu hubaki juu ya ripoti mpaka mtu atoe maelezo. Wanaoona hili ni ukali waikumbuke Equifax: rekebisho la CVE-2017-5638, kasoro ya Apache Struts, zana ya kujengea programu za wavuti, lilitoka Machi 2017, skani ya kampuni haikuugundua mfumo uliokuwa na udhaifu huo, wavamizi wakaingia Mei, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikaguswa. Kiraka kilikuwepo, kilichokosekana ni kujua pa kukiweka.

Kuhusu kulinganisha, sianzi na thamani inayotakiwa. Kwanza nakusanya kigezo kimoja kutoka seva zote, napitisha kwenye sort na uniq -c, kisha naangalia thamani zinazotokea mara chache. Kundi likiwa na thamani moja isipokuwa mashine mbili tatu, hizo ndizo zenye historia ya kuuliza. Mwenye kuandika skripti aangalie pia nafasi kati ya namba: vigezo vyenye namba kadhaa, kama kernel.sem ambayo Oracle huipendekeza iwe 250 32000 100 128, hurudishwa vikiwa vimetenganishwa kwa alama za tabo, ilhali kwenye faili watu huandika nafasi za kawaida. Zisiposawazishwa kwanza, ulinganisho utatangaza tofauti kwenye kila seva ya hifadhidata, na watu watazoea kuipuuza ripoti.

Na si kila mpangilio uko kwenye sysctl. Kurasa kubwa za kumbukumbu zinazojipanga zenyewe husomwa kwenye /sys/kernel/mm/transparent_hugepage/enabled, ambako chaguo linalotumika ndilo lililowekwa ndani ya mabano ya mraba.

Mchangiaji wa sita

Nichangie juu ya kinga za muda, maana ndizo zinazodumu kuliko tunavyodhani. Juni 2019 ilipotangazwa SACK Panic, CVE-2019-11477, kasoro iliyomwezesha mtu wa mbali kuiangusha kerneli kwa mfuatano wa pakiti za TCP, ushauri wa dharura kwa asiyeweza kuwasha upya ulikuwa kuweka net.ipv4.tcp_sack kuwa 0. Tulifanya hivyo, na ulikuwa uamuzi sahihi kwa usiku ule. Viraka vilipowekwa, mpangilio ulibaki. Miezi mingi baadaye, nakala rudufu zilizopita kwenye kiungo cha mbali kinachopoteza pakiti zilikuwa zinachukua muda mrefu kupita kawaida, kwa sababu bila SACK mtumaji hajui ni vipande vipi vimefika na hurudia zaidi ya vinavyohitajika. Kabla ya kurudisha 1, tulihakikisha kila kerneli inayoendeshwa ina kiraka, na kipimo tulichotumia kilikuwa chepesi: viraka vya kundi lile viliongeza kigezo kipya, net.ipv4.tcp_min_snd_mss, kwa hiyo mashine isiyokuwa nacho ndani ya /proc/sys haikuguswa.

Kwa upande wa pili kuna ulinzi uliozimwa kwa muda. Tangu Meltdown na Spectre, kasoro za prosesa zilizotangazwa Januari 2018, kerneli hueleza hali yake yenyewe ndani ya /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities, faili moja kwa kila udhaifu. Tulipozikusanya kutoka mashine zote, chache zilijibu kwamba haziko salama ingawa kerneli zake zilikuwa mpya, na /proc/cmdline, inayotaja vigezo vilivyotumika kuiwasha kerneli, ikaonyesha mitigations=off, yaani kinga zimezimwa, iliyowekwa na timu ya majaribio ya kasi iliyokwisha kuondoka. Hakuna ripoti ya viraka ambayo ingeligundua hilo, kwa kuwa viraka vyote vilikuwepo. Sasa /proc/cmdline tunaikusanya pamoja na uname -r kila usiku, na mstari wowote ulioongezwa humo bila maombi ya mabadiliko hufunguliwa tiketi asubuhi yake.