Bango la filamu yetu ya mabondia wa kike linawaka moto, filamu yenyewe imetulia. Tubadili lipi?

binti_wa_Arua:
Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Nasomea mawasiliano hapa Kampala, mwaka wa mwisho. Kundi letu lina kazi ya kutengeneza filamu ya hali halisi ya dakika 10 kuhusu michezo, bango moja la A3 na tangazo la redio la sekunde 30. Tumechagua klabu ya ndondi ya mtaani ambako wasichana hufanya mazoezi jioni wakitoka shule. Kocha ni mwanajeshi mstaafu: anaamrisha kwa Kiswahili, anatania kwa Kiluganda, akikasirika anarudi Kiswahili.

Filamu haina msimulizi. Kamera inakaa pembeni na kuwafuata wasichana wawili wakifunga bandeji mikononi, wakiruka kamba, wakigombania glavu maana jozi hazitoshi. Mahojiano ni matatu tu. Pambano lenyewe halifiki dakika 2.

Bango sasa. Mwenzetu aliye hodari wa kompyuta ametengeneza ngumi kubwa mbele, cheche za moto nyuma, herufi nyekundu zenye nyufa. Jamani linavutia, hulipiti bila kugeuka. Mhadhiri aliliangalia, akauliza, "Hii ni filamu ya nani?" akaenda zake. Anataka pia tuandike ni kaida zipi tumezifuata, zipi tumezivunja, na kwa nini. Wenzangu wanasema tuongeze ngumi kwenye filamu ifanane na bango. Mimi nasita. Na hiyo redio sijui hata pa kuanzia.

mhariri_wa_usiku:
Filamu msiiguse, dada.

Bango lenu limeazima kaida za watu wengine. Nusu ni sinema ya mapigano, nusu ni yale matangazo ya usiku wa ndondi yanayobandikwa ukutani. Mpita njia atauliza kiingilio ni shilingi ngapi na nani anapigana na nani. Kisha mumkalishe mbele ya msichana anayefunga bandeji kimya kimya? Ataona ametapeliwa, hata kama filamu ni nzuri.

Bango la filamu ya hali halisi mara nyingi hubeba mtu mmoja halisi, kwenye mwanga halisi wa pale mlipopigia picha. Nafasi tupu ya kutosha, jina, sentensi moja fupi, na chini siku, saa na kituo. Herufi za jina la filamu ziwe zilezile za utepe unaotaja wanaohojiwa. Rangi pia. Mtu akiona bango Jumatatu na filamu Ijumaa, ajue ni kitu kimoja bila kuambiwa. Nadhani hilo ndilo alilokuwa akiuliza mhadhiri.

mpenda_ndondi:
Napinga kidogo. Uso mmoja na nafasi tupu, kila filamu ya hali halisi siku hizi iko hivyo, mpaka zinachanganyika. Tangazo la usiku wa ndondi kila mtu mjini analijua: bondia kushoto, bondia kulia, wanatazamana, katikati "dhidi ya". Litumieni hilohilo. Kushoto mwekeni msichana na glavu. Kulia mwekeni msichana yuleyule na sare ya shule na begi mgongoni. Moto mtoe, mpangilio ubaki. Hapo mtakuwa mmefuata kaida na kuivunja kwa pigo moja, na maelezo ya mhadhiri yatajiandika yenyewe.

mhariri_wa_usiku:
Hilo nimelikubali, na linanichoma kwamba sikulifikiria mimi.

Mama_Malaba:
Kabla hamjashangilia: hao wasichana wana umri gani? Kama hawajafika miaka 18, idhini ni ya mzazi au mlezi, na iwe ya maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 ipo, na haisemi wanafunzi wa chuo wameruhusiwa kupita pembeni. Mwambieni mzazi waziwazi kwamba kuna filamu NA bango, maana mtu anaweza kukubali mwanawe aonekane dakika 10 chuoni lakini asikubali uso wake ubandikwe barabarani. Sare yenye beji inataja shule. Ifunikeni au mtumie sweta tu.

afande_mstaafu:
Binti, hujaniambia kama kuna historia ndani ya hiyo filamu. Vijana wengi wakigusa ndondi za Uganda huanza na dakika 2 za picha za kale na sauti nzito. Historia tunayo: Eridadi Mukwanga medali ya fedha Olimpiki ya Mexico 1968, Leo Rwabwogo shaba hukohuko kisha fedha Munich 1972, John Mugabi fedha Moscow 1980. Dhahabu ya ndondi ya Olimpiki hatujawahi kuipata. Ile ya Munich ni ya Akii-Bua, mbio za vihunzi. Lakini kwa dakika 10 hiyo yote itawameza hao mabinti. Mwacheni kocha aseme jina moja au mawili huku akikaza kamba za ulingo, inatosha. Na kama ni jina moja tu, liwe la Catherine Nanziri aliyepanda ulingoni Tokyo 2021. Ndondi za wanawake zenyewe ziliingia Olimpiki London 2012, si zamani.

Kingine: pambano mmelipiga kutoka upande mmoja wa ulingo? Ukivuka kwenda upande wa pili, kona nyekundu inahamia kulia na mtazamaji hajui tena nani ni nani.

fundi_sauti:
Redio ndiyo rahisi kuliko zote, maana klabu ya ndondi ni sauti tupu. Nendeni na maiki peke yake, kamera ibaki nyumbani. Mrekodi kamba ikipiga sakafu, glavu zikipiga begi la mazoezi, pumzi, kengele ya raundi. Ombeni spika ya muziki izimwe: muziki ukiwa nyuma, kila mkato utasikika, na isitoshe wimbo una mwenyewe.

Kisha: kamba peke yake sekunde kama 4, sauti ya msichana sentensi moja, kocha akifoka, halafu msomaji anataja jina, siku, saa na kituo. Kengele. Msomaji asizidi maneno 25, Kiswahili kina maneno marefu. Msimwambie msikilizaji kwamba ni filamu ya ndondi. Anasikia.

binti_wa_Arua:
Asanteni sana. Bango tunalifanya la "dhidi ya", mwenye kompyuta amenuna kidogo ila ameshaanza. Wasichana wana miaka 15 na 16, barua za wazazi tunazo za filamu tu, kwa hiyo kesho nakwenda kuomba za bango. Afande, tulikaa upande mmoja, shukuru Mungu.

Yamebaki mawili. Kocha anachanganya lugha: tuweke sauti ya kumtafsiri juu yake au maandishi chini? Na taa za klabu zinacheza kwenye picha, kuna mistari inapanda na kushuka.

mhariri_wa_usiku:
Maandishi. Kufunika sauti ya mtu ni tabia ya taarifa ya habari, na huyo kocha wenu sauti yake ni nusu ya filamu. Mistari isizidi miwili kwa mara moja, na akifoka kwa Kiluganda msimlainishe kwenye tafsiri. Kiswahili chake kiandikeni pia, si kila mtu Kampala anakifuata.

Taa: umeme wetu ni hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na taa hucheza nayo; kamera isipoendana nayo, mistari inatokea. Wekeni kamera fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Mkitaka mwendo wa polepole, fremu 50 na shata 1/100. Kwa zile mlizokwisha kupiga, jaribuni programu ya kuhariri, zingine zina kiondoa mistari, ila hakifanyi miujiza. Kama ni picha za mazoezi tu, rudini mkapige upya.

mpenda_ndondi:
Na mkirudi, mwulizeni kocha kama anapokea wazee wa miaka 40.